Meza Mbili Nyuma ya Magunia

Neno la kwanza la Kigujarati nililolijua maishani, mpwa wangu, nililitamka miaka mingi bila kujua kuwa ni la Kigujarati. Mwenye duka tulimwita Kaka. Sisi watoto wa Gerezani na Kariakoo tulimwita hivyo kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita, na tulidhani ni adabu yetu ya Kiswahili tu. Wahindi wenzake nao walimwita Kaka, wakubwa kwa wadogo, wakidhani ni adabu yao, kwani kwa lugha yao kaka ni baba mdogo. Mtaa mzima ulimwita mtu mmoja kwa neno moja, kila upande na maana yake, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe. Mimi nilipokuja kugundua nilikuwa nimeshaota ndevu. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kucheka sana, maana watoto wake walikuwa wakimkimbilia shemeji yake, bwana mmoja wa masharubu mazito aliyekuja kila likizo kutoka Tanga, huku wakipiga kelele "Mama! Mama!" Tukashika mbavu mpaka tukaelezwa kuwa kwao mama ni ndugu wa kiume wa mama mzazi. Yaani mimi ninayekuandikia haya, ambaye kwako ni mjomba, pale dukani ningekuwa mama yako.

Duka lenyewe lilikuwa la kona, hatua chache kutoka Mtaa wa Kisutu, upande ule wa mahekalu ya Mabaniani, chini ya nyumba ya ghorofa moja iliyopakwa chokaa ya manjano, mwaka wa kujengwa kwake ukiwa umechongwa kwenye lipu juu ya roshani. Jina la duka naliacha. Wenyewe wana wajukuu, na mengine nitakayoyasema si ya sifa. Kwa mbele lilikuwa duka la vyakula kama mengine yote: mizani juu ya kaunta, debe la mafuta ya taa mlangoni, miche ya sabuni iliyokatwa kwa uzi, mitungi ya vioo yenye pipi. Lakini ukipita katikati ya magunia, ukayazunguka ya mchele, ukayaacha mkono wa kushoto ya choroko na mbaazi, ukainama kidogo chini ya kamba iliyoning'inizwa fagio na ndoo, ulitokea kwenye uwazi mdogo wenye meza mbili za mbao, mabenchi manne na dirisha linalotazama uani. Hiyo ndiyo ilikuwa hoteli. Haikuwa na kibao wala karatasi ya bei. Watu walisema tu, "Twende nyuma," na kila mtu alijua ni nyuma gani.

Ukitaka kuijua sehemu ile kwa macho yaliyofumbwa, ungeweza. Mlangoni pua ilipigwa na mafuta ya taa na sabuni. Hatua tatu ndani yakaja magunia mapya, harufu kavu ya nyuzi inayokereketa koo. Halafu bizari, iliki, mdalasini, karafuu, vyote vikiwa wazi kwenye makopo, kila kimoja na kijiko chake cha bati. Halafu, ukikaribia meza, unga wa dengu unaokaangwa. Na chini ya harufu zote hizo ilikuwamo moja iliyotutia mashaka sisi wa pwani: mvuje. Kwetu mvuje haukuwa chakula. Bibi yako alitufunga nao mkononi tukiwa wachanga, ndani ya kitambaa cheusi, ili jicho la hasidi lipite kando. Mtoto aliyenuka mvuje alikuwa mtoto aliyekingwa. Sasa pale dukani tukaona Kaki, mkewe Kaka, anaumega punje kama ya mtama, anautupa kwenye mafuta ya moto, kisha anamiminia dengu juu yake. Nilimuuliza Mjomba wangu, aliyefanya kazi pale, kwa kunong'ona kama Wahindi wanakula dawa. Akanijibu, "Kula wewe. Leo umekingwa tumboni."

Mjomba wangu, kaka wa mama yangu, ndiye aliyenifikisha pale. Alitoka Kisarawe mwaka 1955 akaajiriwa na Kaka kupima nafaka, na mpaka duka linafungwa alikuwa bado anapima nafaka. Sijaona mkono kama ule. Mteja akisema ratili mbili za mchele, Mjomba alichota mara moja, akamimina, na mshale wa mizani ukasimama katikati kama umeamriwa. Alifunga bidhaa kwa gazeti. Alikunja karatasi ikawa pembe, akatia sukari, akabana mdomo kwa kidole gumba, yote kwa muda wa mtu kupiga chafya. Mimi nilisoma shule Mnazi Mmoja, na mchana nilipotoka nilipita dukani kumsubiri. Nilijifunza kusoma haraka kwa sababu ya zile pembe za gazeti la *Ngurumo*: bajia ukizila, mafuta yanaingia kwenye karatasi, herufi za upande wa pili zinajitokeza, na ukichelewa habari zote mbili zinachanganyika, ya waziri na ya mpira.

Usije ukafikiri watu walifuata uhindi. Walifuata mambo mawili. La kwanza, Kaka alikuwa Baniani asiyegusa nyama, samaki wala yai, kwa hiyo Mwislamu wa pwani alikaa pale bila kuuliza nani kachinja. Makarani, mafundi cherehani, wachukuzi wa bandarini, mashehe wawili watatu niliowajua kwa majina, wote walikula kwa Baniani kwa moyo mweupe kuliko walivyokula kwenye hoteli nyingine za mjini. La pili, bei. Mwaka 1963, tulipokuwa bado tunatumia shilingi ya Afrika Mashariki na senti zenye tundu katikati, chai ilikuwa senti 10, bajia moja ya dengu senti 5, na sahani ya dengu kwa chapati mbili sumni, yaani senti 50. Mhogo ulikuwa rahisi kuliko vyote: umechemshwa, ukakaangwa, ukanyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, nusu ndimu pembeni. Mhogo ule ulitoka kwetu Kisarawe kwa baiskeli, nao waliuita *mogo*, na Kaki aliukaanga vizuri kuliko mwanamke yeyote wa kwetu, jambo ambalo sikulisema nyumbani.

Chai ilipikwa mbele ya macho yako. Maji, maziwa, majani, sukari, tangawizi iliyopondwa na iliki zilizopasuliwa, vyote kwenye sufuria moja juu ya jiko la mkaa. Ilipanda, Kaki akaishusha. Ikapanda tena, akaishusha. Mara ya tatu akaichuja kwa kitambaa ambacho rangi yake ya asili hakuna aliyeikumbuka. Kaka mwenyewe hakunywa kutoka kwenye kikombe. Aliimimina kwenye kisahani, akakiinua kwa vidole vitano kama anayebeba kifaranga, akaivuta kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mizani. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kipara cha kung'aa na nywele nyeupe masikioni, shati lake halikufungwa kifungo cha juu wala cha chini. Alizaliwa Kathiawar, akaja kwa meli kutoka Bombay akiwa na miaka 14 kumtumikia ndugu wa baba yake, akalala miaka sita chini ya kaunta. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kisicho na jana wala kesho: "Wewe nakuja, nakula, nalipa." Lakini matusi aliyajua yote kwa sarufi kamili.

Nimesema si yote yatakuwa ya sifa. Meza zile mbili hazikuwa za kila mtu. Wahindi walikaa ile ya dirishani, wateja Waafrika wenye viatu walikaa ile nyingine, na wachukuzi walikunywa wamesimama uani. Hakuna sheria iliyoandikwa. Uliijua kama unavyojua mlango wa msikiti unaoingilia. Wateja walipewa vikombe vya udongo. Mjomba na kijana mwingine wa kazi walikuwa na vikombe vyao vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu, vimetundikwa kwenye misumari miwili karibu na mlango wa uani, na havikuoshwa kwenye beseni moja na vingine. Siku ya kwanza nilipoona nilimuuliza Mjomba kwa nini. Akasema, "Kile changu. Mtu mwenye kikombe chake hapotezewi." Nikaridhika, nilikuwa mdogo. Baadaye nilipokuwa mkubwa nilifahamu kwamba jibu lile alilitengeneza kwa ajili yangu, na pengine alilitengeneza kwanza kwa ajili yake mwenyewe.

Jumatatu ya tarehe 20 Januari 1964 nilikuwa na miaka 12. Wiki iliyotangulia Unguja ilikuwa imepinduka, na usiku wa kuamkia siku ile askari wa Tanganyika Rifles wakaasi kule kambini Colito, tunapopaita sasa Lugalo. Asubuhi tuliambiwa turudi nyumbani, hakuna shule. Wengine walirudi, mimi nikakimbilia dukani. Mji ulikuwa na ukimya mbaya, halafu kutoka upande wa Kariakoo zikaanza sauti za mabati yanayopigwa. Maduka ya Wahindi na Waarabu yalikuwa yanavunjwa. Nilimkuta Mjomba amekaa kwenye ngazi ya duka, mlango umefungwa nyuma yake, ameshika lile jiwe la mizani la ratili saba kwenye mapaja kama mtu aliyembeba mtoto. Walikuja vijana kama kumi. Aliyekuwa mbele alimfahamu. Akamwambia, "Mzee, ondoka, hili si lako." Mjomba hakuinua sauti. Akasema, "Mchele uliomo humu nimeupima mimi. Anayeutaka nitampimia, lakini alete pesa." Walicheka. Wakaenda mtaa wa pili. Ndani, nyuma ya magunia, Kaki alikuwa ameketi chini na watoto, na Kaka alikuwa anahesabu kitu kwenye daftari ambacho sidhani kilihitaji kuhesabiwa siku ile. Jioni Mjomba alipewa shilingi 20, noti moja, na chai. Chai akanywa kwa kikombe chake cha bati.

Lile daftari nalo lina hadithi yake. Lilikuwa refu, jembamba, jalada la kitambaa chekundu, nalo lilianzishwa jipya kila Diwali, wakati wao wa kufunga hesabu na kufungua mwaka. Humo iliandikwa mikopo. Mteja alikula mwezi mzima akalipa mwisho wa mwezi, na wengi bila daftari lile wangelala njaa tarehe 20. Lakini liliandikwa kwa Kigujarati, na hakuna Mwafrika mtaani aliyejua kukisoma. Kaka aligeuza ukurasa, akapitisha kidole, akataja hesabu, ukalipa. Alikuwa anaiba? Nimejiuliza miaka hamsini. Baba yangu aliapa kwamba anaiba. Mjomba, aliyekuwa na ukurasa wake mle ndani, alikopa kwa ajili ya harusi ya dada yake mwaka 1958 na deni lile halikupungua kama alivyokuwa anakatwa mshahara; mimi mwenyewe nilipiga hesabu kwenye daftari la shule nikaona haiingiani. Nilipomwonyesha alikunja karatasi yangu ikawa pembe, akatia karanga, akanirudishia.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Benki zikachukuliwa, vinu vya unga vikachukuliwa, redio ikawa inaimba kutwa. Mimi, nilikuwa darasa la juu na kichwa kimejaa moto, nilikuja dukani na neno jipya mdomoni. Nilikaa juu ya gunia nikamwambia Kaka kuwa yeye ni bepari. Nilitarajia akasirike. Alifikiria kidogo, akavuta chai, akasema, "Ndiyo. *Vepari*. Mimi vepari, baba yangu vepari." Akanieleza kwa Kiswahili chake cha dukani kwamba neno hilo ni lao, limepanda meli kama yeye, na maana yake ni mtu anayenunua na kuuza tu, hakuna zaidi. Sikumwamini mpaka miaka miwili baadaye, Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare akaiita *Mabepari wa Venisi*. Karani mmoja alikuja nacho kitabu hotelini. Kaka aliomba asomewe jalada mara mbili, akapiga meza kwa kiganja. "Ona! Mwalimu najua!" Wiki nzima kila aliyeingia aliambiwa kuwa Rais anajua maana ya bepari. Mimi nilikuwa nimeshalisoma Azimio lote mara ya pili kwenye pembe za bajia, na jibu sikuwa nalo.

Mwaka 1970 nikapata kazi ya ukarani mdogo bandarini. Mshahara wa kwanza nilinunua shati jeupe na viatu vya kamba, na siku ya Jumamosi nikaenda nyuma ya magunia, nikakaa kwenye meza. Si ile ya dirishani. Ile nyingine, yetu. Nikaagiza chai na bajia za shilingi nzima, maana shilingi yetu wenyewe ilikuwa na miaka minne, ina Mwenge upande mmoja na Mwalimu upande wa pili, na nilitaka kuisikia ikigonga mbao. Aliyeniletea chai alikuwa Mjomba. Kijana wa kazi alikuwa mgonjwa siku hiyo. Aliweka kikombe cha udongo mbele yangu, akakizungusha mpini uelekee mkono wangu wa kulia, akafuta meza kwa kitambaa cha begani. Nikasimama. Nikamwambia, "Mjomba, kaa." Akanitazama kana kwamba nimesema kitu cha aibu mbele za watu. "Mimi ni wa hapa," akasema, "wewe ni mteja." Akaondoka kwenda kwenye mizani yake. Zile bajia nilizila zote kwa kuwa nilizilipia, na sikumbuki ladha ya hata moja. Najuta mengi katika maisha yangu, lakini hilo si la kujuta. Ningefanya nini kingine? Ningekaa nyumbani tu na viatu vyangu?

Aprili 1971 serikali ikachukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ghorofa ile ya manjano haikuwa ya Kaka, ilikuwa ya Mhindi mwenzake, lakini Kaka alikuwa na fungu lake ndani. Tangu hapo akawa analipa kodi kwa Msajili wa Majumba kama mpangaji mwingine yeyote. Meza ya dirishani ikaanza kupungua watu. Huyu kaenda Kanada, yule Uingereza, yule yupo njiani. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na redio ya dukani, ambayo haikuzimwa tangu nilipoijua, ikazimwa siku tatu. Sikumsikia Kaka akisema lolote. Ila kijana wake mkubwa alianza kujifunza ubaharia wa karatasi: fomu, picha, mihuri. Na hapo katikati, sijui mwezi gani, watu wenye viatu wakaanza kukaa meza ya dirishani, kwa kuwa ilikuwa tupu na ilikuwa na upepo. Hakuna aliyetoa hotuba.

Miaka ya baadaye unaisikia kwenye masimulizi ya mama yako, sitairefusha. Vita vya Kagera vikaisha mwaka 1979, tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, na mkanda haukufunguliwa. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, unga wa yanga wa njano kutoka Marekani. Bidhaa zikawa zinapitia RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa, na maduka ya kaya, kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Magunia ya Kaka yakapungua mpaka ukaweza kuiona hoteli kutoka mlangoni, na hilo lilinitia huzuni kuliko njaa yenyewe. Ilikuwa kama kumwona mtu mzima bila nguo. Chai ikawa bila maziwa, kisha bila iliki. Dengu zikakatika. Mhogo ukabaki, na ndimu. Na nikwambie ukweli, vitu havikuwa vimeisha kabisa. Mwaka 1981 nilinunua sabuni pale, mche mmoja, umetolewa chini ya kaunta ukiwa umefungwa kwa gazeti la *Uhuru*, kwa bei mara tatu ya ile iliyotangazwa. Kaka aliniuzia bila kunitazama, nami nilinunua bila kumtazama, na aliyeufunga ni Mjomba.

Machi 1983 Sokoine, Waziri Mkuu, akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Usiku watu walitupa vitu mitaroni na baharini: majora ya vitambaa, betri, vipuri. Asubuhi unakuta barabara ina khanga kama kumepita harusi. Kaka alikuwa na gunia moja zima la sukari na nusu gunia la unga wa ngano, vimefichwa chini ya ngazi, na hana karatasi ya hata kimoja. Mjomba alishauri vitupwe. Kaki akakataa, alisema, kupitia mtoto aliyetafsiri, kwamba chakula hakitupwi, chakula kinapikwa. Usiku huohuo akavuruga unga, akauacha uchachuke, na alfajiri karai kubwa ikapanda jikoni.

Jelebi, mpwa wangu, si kitu cha kupikwa kwa hofu, inataka mkono uliotulia. Unga umetiwa kwenye kitambaa chenye tundu, unaukamua juu ya mafuta ya moto huku mkono ukizunguka, duara ndani ya duara, kama mwandiko wa mtu mwenye haraka. Unaigeuza ikiwa rangi ya dhahabu, unaitumbukiza kwenye shira nzito ya iliki, unahesabu mpaka kumi, unaitoa. Kaki alifanya hivyo siku tatu mfululizo, kuanzia alfajiri mpaka taa zinawashwa. Zilitoka kwa sinia. Meza zote mbili zikatolewa nje barazani kuwekea masinia, na mabenchi yakawekwa pembeni kwa kukosa nafasi. Ziliuzwa kwa bei ya bure, na siku ya tatu hazikuuzwa, ziligawiwa. Mtaa mzima ulikuja: watoto, wachukuzi, makarani, wanawake kutoka Kariakoo na mabakuli, Mabaniani waliobaki. Watu waliokuwa hawajaona sukari miezi miwili walikuwa na shira mpaka viwikoni. Nami nilikuwapo, nimevua saa nisije nikaichafua. Siku zile tatu hakuna aliyekaa, si Mhindi wala Mwafrika. Kaka mwenyewe alikula amesimama kando ya Mjomba, na kwa kuwa vikombe havikutosha alichukua kilicho karibu. Kilikuwa cha bati. Siwezi kukuapia kwamba alikijua ni cha nani.

Siku ya nne walikuja, watu wawili wa serikali na mgambo mmoja. Wakapekua mpaka chini ya ngazi. Wakakuta gunia tupu limekunjwa vizuri. Mmoja aliuliza sukari iko wapi. Kaka akawaonyesha mtaa. Mgambo ndiye aliyeuliza kama zimebaki hata mbili.

Sokoine alifariki kwa ajali kule Dakawa Aprili 1984. Mwishoni mwa mwaka uleule Kaka akafunga. Hakuaga, Jumatatu moja mlango haukufunguliwa, na Mjomba alikaa kwenye ngazi mpaka saa nne ndipo kijana akaja na bahasha. Ndani mlikuwa na mshahara wa miezi mitatu. Miaka karibu 30 ya mizani, miezi mitatu. Kuhusu lile deni la harusi bahasha haikusema kitu. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa," Mjomba alisema, na hakutabasamu. Alirudi Kisarawe, akapanda mihogo, akafia huko mwaka 1991.

Mimi sikujua Kaka alikwenda wapi hasa. Mwaka 1996 nilipelekwa London kwa kozi ya wiki sita, na Jumapili moja mwenyeji wangu akanipeleka Wembley, barabara ya Ealing, kununua mchele. Tuliingia duka moja la Kigujarati, magunia yamepangwa ukutani, na nyuma yake, usiniulize kwa nini sikushangaa, kulikuwa na meza. Kwenye orodha ukutani waliandika kwa herufi za Kiingereza: *mogo*. Nikaagiza. Ulikuja na pilipili ya unga na nusu ndimu, pauni mbili na nusu, bei ambayo Mjomba angeizimia. Mama aliyeniletea aliniona ninavyouminya ndimu akaniuliza kwa Kiswahili safi ninatoka wapi. Yeye alikuwa wa Jinja. Nikamuuliza kama anamjua mtu mmoja wa Dar es Salaam, mfupi, mwenye kipara, watu wote walimwita Kaka. Akacheka mpaka akashika meza. "Baba," akasema, "hapa kila mtu ni kaka."

Nyumba ile ya manjano imeshavunjwa, pamesimama ghorofa la vioo. Kikombe cha bati Mjomba alikiondoa mwenyewe kwenye msumari siku ya bahasha, akaenda nacho Kisarawe, na alipofariki mama yako akakichukua. Ndicho unachotilia kalamu mezani kwako. Na katika lile daftari jekundu, popote lilipo, mimi nimeandikwa kwa chai na bajia za Novemba 1984, shilingi 14 na senti 50, sijalipa.